Mizani ya Hifadhi

Hapana mtu mwenye akili timamu apendaye kuishi katika nchi ambayo misitu yake imekwisha, mito yake imekauka, na wanyama wake wamebaki kuwa picha vitabuni. Wala hapana mtu mwenye huruma apendaye kumwona jirani yake akiondolewa katika nyumba aliyozaliwa, na shamba alilolirithi likigeuzwa mahali asipoweza kukanyaga bila ya kuitwa mwizi. Mambo haya mawili, kila moja likisimama peke yake, hayana mgomvi. Ugomvi huanza yakutanapo juu ya kipande kimoja cha ardhi. Hapo mmoja husema kwamba msitu huu hauna budi kuhifadhiwa, na mwingine huuliza: mimi na wanangu twende wapi?

Katika ugomvi wa namna hii dunia ya leo imezoea kumwita mwamuzi aitwaye tathmini. Huletwa wataalamu, wakatembea mipakani, wakahesabu kaya, mashamba na miti, wakaandika kitabu. Na mwisho wa kitabu husimama jumla, kwamba hasara ya wenyeji ni kadha wa kadha na fidia yao ni kadha wa kadha. Kazi hii si ya kubezwa. Ni bora mara nyingi kuliko desturi ya zamani ya kuwaondoa watu kwa amri na bakora, pasipo hata kuwahesabu. Walakini mizani ni kitu kimoja, na haki ni kitu kingine. Muuza nyama anaweza kuwa na mizani iliyo sawa kabisa, akapima kwayo nyama isiyokuwa yake. Kwa hiyo insha hii yataka kuuliza maswali yanayotangulia kila kipimo: ni nini hasa kipimwacho, ni nani ashikaye mizani, na je, kipimo chenyewe chaweza kubadili neno lolote?

Yanipasa nikiri kwanza kwamba mimi si shahidi asiye na upande. Nimekulia Tanga, mji unywao maji ya mto Zigi. Mto huo huteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki, maji yake yakakusanywa katika bwawa la Mabayani, kisha yakaja mjini kwa mabomba. Misitu ya milimani ikikatwa, mvua ibebayo udongo hulijaza bwawa matope, na mto hupungua wakati wa kiangazi. Basi tangu utoto wangu nimekunywa kivuli cha miti ile, wala sijapata kumlipa hata senti moja mtu aishiye kando yake. Nisemapo habari ya hifadhi, nasema kama mla faida. Msomaji aliyekulia katika mji mwingine huenda akiangalia vizuri akaona kwamba naye ana mto wake, na mlima wake, na mtu wake asiyemjua.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha somo la asili ya maneno. Tulifika kwenye maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu na kuyalea mpaka yakawa watoto wake. Niliandika ubaoni manne: bei, thamani, fidia na hifadhi. Nikaeleza kwamba bei katika asili yake ni tendo la kuuza. Pasipo muuzaji hapana bei. Thamani ndilo neno lililozaa tathmini. Na kwetu sisi limepanuka hata twasema kwamba mama ana thamani, ingawa hapana athubutuye kumtajia bei. Fidia ni kitu kitolewacho kwa ajili ya kukomboa, au kitolewacho na mtu aliyeshindwa kutimiza wajibu, kama mzee asiyeweza kufunga Ramadhani alishaye maskini badala ya saumu yake. Na kuhifadhi, kabla ya kuwa kazi ya askari wa wanyamapori, ilikuwa kazi ya mtoto wa chuoni aitiaye Kurani moyoni, aya baada ya aya, hata asiweze kuipoteza.

Kijana mmoja mkimya, akaaye safu ya nyuma, alinyosha mkono. "Mwalimu," alisema, "ikiwa bei haipatikani pasipo kuuza, basi baba yangu hakupata bei. Yeye alilipwa, lakini hakuuza."

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Baada ya kipindi nilimwita nikamwuliza. Alinieleza kwamba shamba la baba yake, kwenye mteremko wa mlima mmoja katika nchi yetu, lilitiwa ndani ya mpaka wa hifadhi. Mzee aliitwa, akatia dole gumba, akapokea fedha. Alinunua bati na baiskeli. Na mwaka wa pili fedha ikawa imekwisha. "Sasa analalamika kwamba zilikuwa kidogo?" nilimwuliza. Akanijibu, "La, Mwalimu. Hajapata kusema hivyo. Anasema hakuna aliyemwuliza."

Maneno yale hayajanitoka moyoni. Nilikuwa nimesoma vitabu kadha juu ya fidia, na karibu vyote viliuliza kama fedha ilitosha, kama ilichelewa, na kama ilimfikia anayestahili. Haya ni maswali mazuri. Lakini mzee yule, asiyejua kusoma, alikuwa na swali la kina zaidi kuliko vitabu vyangu. Kwake yeye dhuluma haikuwa katika hesabu. Ilikuwa kabla ya hesabu.

Natutazame sasa mfano ulio wazi mbele ya watu wote. Katika Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, pana msitu uitwao Derema. Ukubwa wake haufiki hekta 1,000, walakini mahali pake ni pa daraja: huunganisha misitu ya Amani, iliyofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na misitu mingine ya milima ile. Milima hii ina viumbe wasiopatikana popote duniani isipokuwa hapo na majirani zake: vyura, vinyonga, ndege, na miti. Ua dogo la zambarau ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao mwaka 1892, na ambalo leo hupandwa vyunguni madirishani Ulaya na Marekani, asili yake ni miamba yenye kivuli ya upande huu. Msitu ukikatwa vipande vipande, kiumbe aliye katika kipande kidogo huwa kama mtu aliyefungiwa kisiwani. Basi hoja ya kuihifadhi Derema haikuwa ndoto ya wageni. Ilikuwa hoja yenye nguvu.

Lakini chini ya miti ya Derema palikuwa na iliki. Iliki hupenda kivuli. Mkulima huacha miti mikubwa isimame, hufyeka vichaka na miche iliyo chini, akapanda mashina yake. Kwa mtu wa mlimani zao hili lilikuwa neema: likikauka ni jepesi, hubebeka kichwani katika njia za mteremko ambamo gunia la mahindi humshinda mwenye nguvu, na likifika sokoni huleta fedha ya ada ya shule na ya dawa. Wahifadhi nao walikuwa na neno la kweli. Miti mikubwa ikizeeka pasipo miche ya kuirithi, msitu huwa kama nyumba yenye wazee watupu. Na iliki ikichoka baada ya miaka, mkulima husogea mbele. Mwanzoni mwa karne hii mpaka ulikatwa, na wakulima zaidi ya 1,000 wakajikuta mashamba yao yamo ndani. Mazao yalihesabiwa shina kwa shina, fidia ikapangwa, malipo yakachukua miaka. Na baadaye ikatafutwa ardhi ya badala katika nchi ya chini, mahali penye joto, ambapo iliki haistawi.

Wale waliofanya kazi ile walijitahidi kuliko wengi waliowatangulia. Hata hivyo, tuiangalie orodha ya mashina kwa jicho la mtu anayeishi pale, tujiulize ni kitu gani ambacho hakina nafasi katika safu zake. Kibarua achumaye iliki ya mwenziwe hana shina hata moja, atahesabiwa wapi? Mwanamke mjane apewaye sehemu na ndugu wa marehemu mume wake, kwa ahadi ya mdomo, jina lake litaandikwa na nani? Mwenye duka amwaminiye mkulima sukari na mafuta ya taa mpaka wakati wa mavuno, je, imani yake ni mali ya nani? Na elimu ya iliki yenyewe, ya kujua kivuli gani chatosha na mwezi gani wafaa, elimu ambayo baba humpa mwana kwa kutembea naye shambani: nchi ya chini elimu hiyo hugeuka kuwa hadithi. Kuna na heshima pia. Mwenye shamba la iliki aliweza kukopwa na kukopa, kuoa na kuoza, kusimama barazani akasikilizwa. Vitu hivi vyote vina thamani, na hata kimoja hakina bei. Si kwamba mthamini ni mtu mbaya. Ni kwamba mizani yake haina sahani ya kuviwekea.

Wala hasara haikomi mpakani. Wafugaji walipotolewa katika pori la akiba la Mkomazi mwaka 1988, mahali ambapo leo ni hifadhi ya taifa, mtu angaliweza kudhani kwamba aliyepata hasara ni mwenye ng'ombe peke yake. Mtaalamu Dan Brockington, ambaye kitabu chake juu ya Mkomazi kilitoka mwaka 2002, alikwenda kuwatazama wanawake. Kwa desturi ya wafugaji wale ng'ombe ni wa mume, lakini maziwa ni ya mke. Ndiyo mfuko wake, ndiyo unga wa watoto. Malisho yalipopungua maziwa yalipungua, na biashara ya wanawake ikadhoofika. Watu wa Mkomazi walipeleka shauri lao mahakamani, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani haikuwapa haki ya kurejea. Sheria ilikuwa imesema neno lake, na mwenye kuheshimu sheria hulikubali. Lakini kibuyu cha maziwa cha mwanamke hakikuwa katika shauri lile, kwa kuwa yeye hakuwa na ng'ombe wa kudai.

Hapo tunaona kosa la pili la vipimo vingi, nalo ni kusema "wenyeji" kana kwamba wenyeji ni mtu mmoja. Kijiji kina tajiri na fukara, mkulima na mfugaji, mzawa na mhamiaji, mume na mke. Hifadhi ikija, kijana ajuaye Kiingereza hupata kazi ya kuwaongoza wageni, akajenga nyumba ya matofali; na mama aliye nyumba ya pili huamka alfajiri akakuta tembo wamekula mahindi yake yote. Mwandishi wa ripoti akiwajumlisha wawili hawa akagawa kwa mbili, atapata kijiji kilichoendelea kidogo. Hesabu itakuwa sahihi, na wote wawili watakuwa wamesingiziwa. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa sababu hiyo yafaa kila tathmini itaje kwanza ni nani aliyeiwamba.

Lugha yetu, katika jambo hili, wakati mwingine huwa mwaminifu kuliko hesabu. Katika Tanzania, mtu aliyeharibiwa mazao na mnyama wa mwitu hupewa fedha iitwayo kifuta jasho. Na aliyejeruhiwa, au aliyefiwa na mtu wake, hupewa kifuta machozi. Kanuni zake ni za mwaka 2011. Fedha hizo si nyingi, na watu hulalamika kwamba huchelewa. Lakini majina yake hayadanganyi. Hayadai kwamba mtu amelipwa, wala kwamba mambo yamekuwa sawa. Yanakiri kwamba kuna jasho lililotoka na machozi yaliyomwagika, na kwamba mkono umenyoshwa wenye kitambaa. Neno fidia, kwa upande mwingine, hufunga hesabu: ukishapokea, huna neno tena. Mimi naona kwamba sehemu kubwa ya uchungu wa watu waliohamishwa hutoka hapa, kwamba waliambiwa hesabu imefungwa ilhali wao bado wanalia.

Msomaji aweza kunipinga hapa, na haki yake nisimnyime. Atasema: "Bwana, maneno yako ni matamu, lakini chura hana mdomo wa kusema wala mtoto ambaye hajazaliwa hana kura. Tukimngoja kila mwenye shamba aridhie, hautabaki msitu hata mmoja. Je, Serengeti ingalikuwako leo?" Hoja hii ni nzito. Aliye hai hupenda kujipendelea mbele ya wasiozaliwa, na mtu mwenye njaa hawezi kuhukumiwa kwa kukata mti. Ziko nyakati ambapo umma hauna budi kusema: tunachukua. Barabara hujengwa hivyo, na mabwawa pia. Sidai kwamba kila mwenyeji ana haki ya kuzuia kila kitu milele.

Lakini natofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa. La kwanza ni tendo ambalo halikuwa na kosa. La pili ni tendo lililokuwa na sababu ya kutosha, lakini limeacha deni. Mtu aivunjaye ahadi ya kwenda arusini ili ampeleke jirani mgonjwa hospitali hakukosea; hata hivyo, hawi mwungwana asipokwenda kesho yake kuomba radhi. Kuwa na sababu nzuri hakufuti deni. Hulifanya tu liwe deni la heshima. Taifa likiwatoa watu kwa ajili ya maji ya mji, au kwa ajili ya ndege asiyepatikana kwingine, huenda likawa na sababu nzuri kabisa. Bali likisema baada ya hapo, "Tumekwisha walipa, hawatudai," limegeuza deni la heshima kuwa dharau. Na wanaodaiwa deni hili ni wengi: ni mimi ninywaye Zigi, ni mtalii apigaye picha, ni dunia nzima ipumuayo hewa ya miti ile. Faida imetawanyika juu ya mamilioni hata hakuna aihisiye. Hasara imekusanywa juu ya mamia hata hawawezi kuisahau.

Ngorongoro yatufundisha jambo jingine, nalo ni kwamba hasara ina umri. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walikubali kuiacha Serengeti, na mwaka 1959 likaundwa eneo la Ngorongoro, ambamo watu, mifugo na wanyama wa mwitu wangeishi pamoja. Mwaka 1974 waliokuwa wakikaa ndani ya kreta walitolewa. Mwaka 1975 kilimo kikakatazwa. Mwaka 1992 kikaruhusiwa. Baadaye kikazuiwa tena. Watu waliokuwa takriban 8,000 mwanzoni walizidi 100,000, na wenye dhamana wakasema kwamba ardhi haiwezi kuwabeba wote. Mwaka 2022 kukaanza uhamisho wa kwenda Msomera, wilaya ya Handeni: serikali ikisema ni wa hiari, na wengi wa wenyeji wakisema kwamba hiari yao imebanwa. Sitaki kukata shauri hilo katika ukurasa mmoja. Nataka tu msomaji ajiweke mahali pa mtu aliyezaliwa pale mwaka 1959. Katika maisha yake ameambiwa kaa, toka, lima, usilime, lima, usilime, na mwisho hama. Hata kama kila amri ilikuwa na sababu yake, mtu huyu hajapata kupanda mti kwa hakika ya kwamba atakula matunda yake. Kutojua kesho ni hasara iliyo kubwa, nayo haimo katika safu yoyote ya orodha.

Je, kuna njia nyingine? Iko, na ilijaribiwa katika nchi yetu wenyewe. Katika wilaya ya Babati kuna msitu wa miombo uitwao Duru-Haitemba, wenye ukubwa wa hekta 9,000 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikusudiwa kuwa msitu wa akiba wa serikali. Vijiji vilivyouzunguka vilipinga. Wakati ule msitu ulikuwa ukiharibika, na wenyeji wenyewe walikuwa miongoni mwa waharibifu: kwa kuwa walisikia utachukuliwa, kila mtu alijikatia kabla ya kukosa. Jambo la ajabu ni kwamba pingamizi lao lilisikilizwa. Wakaulizwa: nyinyi mtafanya nini? Wakaweka sheria zao ndogo, wakachagua walinzi kutoka kwa vijana wao wenyewe, wakapanga mahali pa kulisha, mahali pa kuokota kuni, na mahali pasipoguswa. Miaka ya 1994 na 1995 msitu ulikuwa mikononi mwao, na miti ikaanza kupona. Mfano huo ulisaidia kuifungulia njia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo yaviruhusu vijiji kuwa na misitu ya hifadhi iliyo yao.

Sisemi kwamba Duru-Haitemba ni pepo. Vijiji navyo vina wala rushwa wao, na msitu wa miombo wa Babati si sawa na msitu wa mvua wa Usambara. Nasema jambo moja tu, nalo ndilo kiini cha insha hii. Tofauti kati ya Babati na mahali pengi pengine si kwamba kule walipima vizuri zaidi, bali kwamba kule jibu la wenyeji liliweza kubadili shauri. Tathmini ifanywayo wakati mpaka umekwisha katwa, mabango yamekwisha pigwa, na waziri amekwisha tangaza, si tathmini. Ni hesabu ya matanga. Maiti amekwisha zikwa, na watu wamekaa kuhesabu mchele. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini katika hesabu hii hata maiti hakuulizwa.

Kwa hiyo, ikiwa nimeombwa kutaja sifa za kipimo cha haki, nitazitaja nne. Kwanza, kifanywe kabla ya uamuzi, na kiwe na nguvu ya kuubadili: kama si kuufuta, basi kuuhamisha, au kuupunguza, au kuubadili namna yake. Pili, kimtaje kila mtu kwa hali yake, kibarua na mjane na mchunga, wala kisiwafiche nyuma ya jina la kijiji. Tatu, kiandike wazi ni nani atakayefaidika na ni kwa kiasi gani, kwa kuwa mara nyingi kitabu chenye kurasa mia juu ya wenye kupoteza hakina ukurasa mmoja juu ya wenye kupata. Nne, kisifungwe. Warudi watathmini baada ya miaka mitano, na baada ya kumi, wakamwulize mzee kama bati bado lipo, na mwanawe kama anajua kivuli cha iliki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mtu alalaye hotelini siku tatu asitoe hukumu ya kitanda cha miaka thelathini.

Haya si mambo ya jana. Mwezi wa Desemba mwaka 2022 mataifa yalikubaliana, katika mkutano wa Montreal, kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari iwe chini ya hifadhi. Tanzania imekwisha tenga zaidi ya robo ya ardhi yake kwa kazi hiyo, nayo ni sadaka kubwa kuliko ile iliyotolewa na nchi nyingi tajiri. Asilimia hizo zitatafutwa mahali fulani. Hazitatafutwa katika viwanja vya miji mikubwa, bali pembeni, kwa watu ambao miti yao ingali imesimama kwa sababu hawakuikata. Itakuwa jambo la aibu ikiwa malipo ya kuutunza msitu yatakuwa kutolewa ndani yake.

Kijana yule amekwisha hitimu. Kabla ya kuondoka alikuja kuniaga, nikamwuliza habari za mzee. Alisema hajambo, na kwamba kila siku ya Ijumaa, baada ya sala, hupanda mpaka penye bango la mpaka, akakaa chini yake akiutazama upande wa pili. Anajua mti gani ulianguka mwaka gani, na chemchemi ipi hukauka kwanza. Askari wa zamu wamemzoea, hawamfukuzi. Na mmoja wao, mgeni katika sehemu zile, humwuliza majina ya miti.

Nilipoyasikia hayo nilikumbuka lile neno la nne ubaoni. Serikali imeuhifadhi mlima ule kwa sheria na kwa mpaka, na yamkini ilikuwa na sababu. Lakini yuko mtu aliyeuhifadhi kama mtoto wa chuoni ahifadhivyo aya, na yeye yuko upande huu wa bango. Kila nifunguapo bomba nyumbani kwetu Tanga humkumbuka, ingawa mlima wake si Usambara na maji yake hayanifikii. Nadhani naye, kama wenzake wa Derema, ananidai. Na la kwanza ninalodaiwa si fedha, bali lile swali ambalo hakuna aliyemwuliza.